Niliitwa Ligi Kuu nikakataa, sasa mjomba ananiita mwoga barazani

Shikamoo Anti,

Pole na majukumu. Mimi ni kijana wa hapahapa Tanga mjini, naishi Makorora, nina miaka 29, mke na mtoto mmoja wa kike. Kazi yangu fundi welding, tuna kijiofisi na mwenzangu tunachomelea mageti, grili za madirisha na keria za baiskeli, hela si nyingi ila inaingia. Lakini mtaani hakuna anayenijua kwa mageti, wananijua kwa mpira. Nacheza kiungo, namba nane.

Anti mimi Ligi Kuu nilishacheza. Misimu miwili, timu ya mkoa wa mbali huko, jina naliacha. Msimu wa kwanza nikawa naanza anza, wa pili akaja kocha mwingine na watu wake nikawa mtu wa benchi, baadaye hata benchi sikai nakaa jukwaani na traki suti yangu. Mishahara inachelewa mpaka unaogopa kupokea simu ya nyumbani, kambini tunalala wanne chumba kimoja, goti nalo likaanza kusumbua. Mkataba ulipoisha nikarudi Tanga nikashika mashine ya kuchomelea. Tangu hapo nachezea timu ya mtaa, ligi ya mkoa na haya makombe ya ndondo ya mitaani, na sijisifu Anti ila huku mimi ni mtu mwingine kabisa, mpira nauita unakuja, nikipiga pasi uwanja mzima unasema eeeh, jioni narudi nyumbani nacheka peke yangu njia nzima.

Sasa juzi kati kocha mmoja aliyewahi kunifundisha kapata timu Ligi Kuu akanipigia, anataka kiungo mzoefu, mkataba mwaka mmoja, pesa ya usajili inaeleweka. Nikamwambia nipe muda nifikirie. Usiku sikulala, asubuhi nikamtumia meseji, hapana kocha asante. Ukiniuliza sababu sina, niliona tu moyo umekataa.

Mke wangu sikumwambia, nilitaka nimwambie kwa utaratibu, kumbe shemeji alishasikia kijiweni akampelekea. Amenuna mpaka leo, anasema watu wanauza viwanja ili watoto wao wafike Ligi Kuu mimi nakataa kwa meseji. Mjomba ndio kabisa. Yeye ndiye aliyenilea, ni Coastal Union wa damu, timu yetu ya Tanga, ile iliyobeba ubingwa wa nchi 1988 anakutajia kikosi kizima mpaka wa akiba, basi kasema barazani mbele ya watu wanakunywa kahawa kwamba huyu kijana mwoga, anapenda kuonea watoto. Neno hilo limenikaa Anti.

Na hata kwenye timu yangu kuna chinichini. Kuna kombe moja linachezwa Muheza, bingwa anapata mbuzi, seti ya jezi na hela kidogo, kanuni zao hawataki mtu aliyewahi kucheza Ligi Kuu ndio viongozi wakaniandikisha kwa kitambulisho cha binamu yangu, tunafanana fanana na kule hawanijui sura, si jambo la ajabu maana kila timu inafanya. Ila kuna dogo wa miaka 18 ndiye alikuwa anaanza namba nane kabla yangu, huyo kaacha kuja mazoezini, na mama yake tukikutana sokoni hanijibu salamu.

Swali langu moja tu, mimi mwoga? Mtu anayejua kazi akiamua kubaki chini kuna ubaya gani?

Namba Nane, Makorora

*

Marahaba mwanangu.

Swali lako moja lakini barua yako ina mambo mawili, na hilo la pili umelipitisha harakaharaka kama mtu mwenye mzigo wa magendo anayepita mbele ya askari huku anapiga mluzi. Nimeliona. Tutalifikia.

Tuanze na uoga kwanza maana ndio unaokunyima usingizi. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30 kwa msimu. Kikosi kina watu ishirini na kitu huko, wanaoanza ni 11. Sasa piga hesabu mwenyewe, kila wikiendi kuna wachezaji wangapi wa Ligi Kuu ambao mpira wanautazama tu kama ninavyoutazama mimi hapa sebuleni kwenye Azam, tofauti yao na mimi ni traki suti. Hao mjomba hawaoni. Mjomba ukimtajia Ligi Kuu anaona kikosi cha kwanza kinatoka vyumbani, jukwaa limejaa, wewe ukitajiwa unaona kitanda cha kambini na simu ya nyumbani unayoogopa kupokea. Wote mnasema kweli ndio maana hamsikilizani.

Na mtu anayejua mpira ukimkalisha jukwaani msimu mzima unamtesa, hilo asikwambie mtu. Kuna watu wakishaonja benchi la juu wanaona bora dakika tisini za vumbi kuliko posho ya kukaa, na mimi siwaoni wajinga. Fundi mwenye ofisi yake, ana mtoto mdogo, goti lina historia, anaambiwa aende mkataba wa mwaka mmoja, akirudi wateja wa mageti wameshahamia kwa jirani. Mwanamke yeyote anayeendesha nyumba anaielewa hesabu hiyo, hata mkeo angeielewa, kama ungemwambia wewe.

Huko duniani nako wapo. Matt Le Tissier wa Uingereza, vijana wa sasa hammjui, muulizeni mtu mzima, alicheza Southampton toka 1986 mpaka 2002, timu ambayo misimu mingi kazi yake ilikuwa kuhangaika isishuke daraja. Tottenham walimtaka, Chelsea walimtaka, akabaki palepale. Penalti alipiga 48 akafunga 47. Ila alilipa, timu ya taifa alicheza mechi 8 tu, mtu wa kipaji kile. Mwingine bondia wa Cuba, Teófilo Stevenson, dhahabu ya Olimpiki uzito wa juu mara tatu, 1972, 1976 na 1980, mapromota wa Marekani wakamwekea mamilioni ya dola aingie ngumi za kulipwa apambane na Muhammad Ali, akakataa akabaki ngumi za ridhaa. Kwake kulikuwa na siasa pia, Cuba ngumi za kulipwa zilipigwa marufuku kwa hiyo kukubali ilikuwa ni kuikimbia nchi. Lakini mwoga? Mtafute aliyepanda naye ulingoni umuulize.

Tena tusiende mbali. 2016 Tanga tulipigwa pigo ambalo mjomba wako hajalisahau, timu zetu zote tatu zilishuka daraja msimu mmoja, Coastal, African Sports na Mgambo JKT. (Mimi nimezaliwa Ngamiani na marehemu baba alikuwa Sports, Wana Kimanumanu, kwa hiyo usidhani nalia kwa ajili ya Coastal, Wagosi wa Kaya, peke yao.) Uwanja wetu wa Mkwakwani ukakaa bila Ligi Kuu mpaka Coastal waliporudi 2018. Katikati hapo mchezaji aliyebaki na timu daraja la chini wakati angeweza kuondoka, watu walimwita nani? Mwaminifu. Mwana wa nyumbani. Alichofanya na ulichofanya wewe ni kilekile, kubaki chini wakati juu pana nafasi, ila yeye alibaki na Coastal wewe umebaki na timu ya mtaa isiyo na mashabiki barazani.

Kwa hiyo hapo niko upande wako. Sasa nikukwaruze kidogo.

Unasema sababu huna, moyo umekataa tu. Mtu wa miaka 29 mwenye mke na mtoto hawezi kukataa kazi kwa sababu ya moyo akaishia hapo, moyo nao unahojiwa. Jaribu hivi, jifanye aliyekupigia ni Coastal, mkataba uleule, pesa ileile, mazoezi hapahapa Tanga, jioni unarudi kulala Makorora na ofisi mwenzako anaiangalia. Ungekwenda? Kama jibu limetoka mbio ndio, basi wewe tatizo lako lilikuwa umbali na mishahara ya kubahatisha, na hilo ni hesabu, halina uoga ndani yake. Lakini kama hata hapo tumbo limekukata, unaona lile jukwaa tena na kocha anasoma majina bila lako, basi mjomba kagusa penyewe japo kwa mdomo mbaya. Na hata ikiwa hivyo haina haja ya kujificha, uoga wa kuwekwa benchi mara ya pili ni uoga wa kawaida, ila ujue kwamba ndio huo, usiuite goti.

Kuna mtaalamu anaitwa Herbert Marsh tangu miaka ya 1980 amechunguza sana wanafunzi, akakuta watoto wawili wenye uwezo sawasawa kabisa, aliyepangiwa shule ya vipanga watupu anajiona hajui kitu, na mwenzake aliyebaki shule ya kawaida anajiona kichwa. Kilichowatofautisha ni nani wamekaa naye dawati moja basi. Nadhani ndicho kilichokupata. Kule ulijiona mzigo, huku mpira unauita unakuja, na miguu ni hiyohiyo. Maana yake kule hukuwa mbovu kiasi ulichojiona. Na huku, samahani mwanangu, sio mzuri kiasi hicho cha eeeh ya uwanja mzima, maana anayekukaba ametoka kubeba zege toka asubuhi. Hizo eeeh ni tamu na zinalevya, nimeona watu wazima wamezeeka nazo.

Haya, Muheza.

Umeandika "si jambo la ajabu maana kila timu inafanya". Ni kweli mamluki wamejaa kwenye ndondo, wengine wanacheza makombe mawili wikiendi moja kwa majina mawili, tunawajua na tunawacheka. Lakini wewe uliyeniuliza kama kubaki chini kuna ubaya, jibu langu ni hapana mpaka pale ulipochukua kitambulisho cha binamu. Ligi ya mkoa unacheza kwa jina lako, kila mtu anajua huyu alishafika juu karudi, anayetaka kukukaba anakukaba akijua anamkaba nani, akikunyang'anya mpira anakwenda kusimulia wiki nzima. Hiyo ni halali yako na ni faida kwao. Muheza umekwenda umejificha. Pale kijana wa watu anadhani anapambana na mwenzake wa mtaani, anapigwa chenga anarudi nyumbani anajiona hawezi mpira, kumbe kakutana na mtu wa Ligi Kuu ndani ya jina la binamu.

Wacheza gofu wana kitu kinaitwa hendikapu, namba inayoonyesha kiwango chako ili mzuri na mbovu wacheze pamoja bila kuonewa mtu. Kwenye mfumo wa dunia nzima walioanza nao 2020, ukipiga ghafla vizuri kupita namba yako kwa mikwaju saba au zaidi, mfumo wenyewe unaikata namba. Wameweka hivyo kwa sababu wanatujua binadamu, ukimwachia mtu aseme mwenyewe kiwango chake na mbele kuna zawadi atasema hajui kitu.

Na usinambie ni mbuzi tu. Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, timu ya Hispania ya mpira wa kikapu ya wenye ulemavu wa akili ilichukua dhahabu, baadaye ikaja kujulikana wachezaji 10 kati ya 12 hawana ulemavu wowote. Medali wakanyang'anywa. Lakini aliyeumia zaidi nani? Wanamichezo wenye ulemavu wa akili wenyewe, wa nchi zote, kundi lao likaondolewa kwenye mashindano, Athens 2004 hawapo, Beijing 2008 hawapo, wamerudi London 2012. Mtu alikuwa kijana wakati ule, mpaka wanafungua mlango tena yeye umri umekwenda.

Sasa mrudie dogo. Wale wa Muheza waliposema hatutaki mtu aliyewahi kucheza Ligi Kuu hawakuwa na chuki na wewe, walitaka kombe la watu kama yeye, miaka 18, hajaonwa na mtu. Kwenye ndondo wanakujaga watu kutazama, unajua, huenda hata wewe ndiko ulikookotwa. Kwake lile kombe ndio Ligi Kuu yake ya mwaka huu, na wewe umekaa kwenye nafasi yake ukimkwepa yule mtu aliyewahi kukukalisha wewe jukwaani. Mama yake hahitaji kujua kanuni za mpira kuliona hilo.

Tena kuna upumbavu mwingine humo ndani wa kawaida tu. Goti likikatika Muheza wewe ni nani? Ukipelekwa hospitali unatibiwa kwa jina gani, na yule mwenye geti lake uliyemchukulia hela ya mwanzo atamtafuta binamu? Wakikugundua anayefungiwa ni jina la binamu, timu inapokwa pointi, na maneno yatafika Tanga kabla hamjashuka kwenye basi.

Cha kufanya. Hilo kombe toka, kabla ya mechi inayofuata, na waambie viongozi wewe mwenyewe, usijifanye umeumia. Watakasirika, watasema umewaharibia, waache waseme. Dogo usimpigie simu, nenda kwao jioni, ukifika zungumza na mama kwanza maana ndiye uliyemkosea adabu kwa kumchukulia mwanae nafasi, kisha mwambie dogo nafasi yake ipo na wewe unataka kumwonyesha vitu viwili vitatu mazoezini, jinsi ya kupokea mpira ukiwa umeshageuza bega, yale mliyofundishwa kambini kwa shida zile. Kwenye ligi ya mkoa endelea, cheza kwa jina lako mpaka goti likatae.

Mkeo hajanunia Ligi Kuu. Amenunia kusikia habari za nyumba yake kwa shemeji. Mtoto akishalala kaa naye, leta karatasi, andika ofisi inaingiza nini kwa mwezi, mkataba ungeleta nini ungekuja wote na kwa wakati, na ungeleta nini ukija kama ule wa kwanza. Mshahara uliochelewa mwambie ulichelewa, naona hili ulimficha, wanaume wengi mnarudi na begi tu mnasema nilimiss nyumbani. Anaweza akakuambia bora ungekwenda. Msikilize, yeye naye ana haki ya kutaka kiwanja.

Mjomba usimjibu barazani hata siku moja. Mfuate kwake baada ya Isha, mweleze ya kambini yote, halafu muulize kwa adabu wale vijana waliobaki na Coastal kule chini 2016 yeye aliwaita nani.

Na yule kocha usimwachie ile meseji ya mstari mmoja, mpigie umshukuru umweleze vizuri. Makocha wetu wanahama hama sana, unaweza ukashangaa dirisha dogo la usajili yuko hapo Mkwakwani anatafuta namba nane anayelala kwake.